Mizunguko 250 ya Ducati: ni nini hasa kilichogeuza msimu wa 2019?

Jumapili ya tarehe 7 Aprili 2019, kwenye uwanja wa Aragón huko Hispania, Álvaro Bautista, akiendesha pikipiki ya Ducati, alishinda mbio zake za 9 mfululizo katika mashindano ya dunia ya Superbike. Msimu mzima hadi siku hiyo ulikuwa na mbio 9 tu. Jonathan Rea wa Kawasaki, bingwa wa miaka minne mfululizo, alimaliza wa pili mara zote 9. Wiki haijaisha, pikipiki hazijawashwa kwa duru ya Assen huko Uholanzi, tangazo likatoka: kikomo cha kuzunguka kwa injini ya Ducati kinapunguzwa mizunguko 250, kutoka 16,350 kwa dakika hadi 16,100. Honda, iliyokuwa inasota mkiani, ikaongezewa 500.

Msimu ulipoisha, bingwa alikuwa Rea, tena kwa tofauti ya pointi 165. Tangu hapo nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kwa njia moja: Ducati ilileta pikipiki isiyokamatika, wakubwa wakaikata mbawa, ubingwa ukarudi Kawasaki. Wapenzi wa Ducati wanakisimulia kwa uchungu, wa Kawasaki wanakisimulia kwa aibu kidogo. Nimekaa na kisa hiki muda mrefu, nikapiga hesabu zake kwa kalamu, na nasema bila kusita kwamba kimesimuliwa vibaya. Mizunguko ile 250 haikumnyang'anya Bautista chochote cha maana. Na kwa sababu watu waliamini imefanya kazi, udhaifu wa kanuni yenyewe ulipita miaka mingine minne bila kuguswa.

Tuanze na namba 16,350, maana haikutoka hewani.

Mashindano ya Superbike yalianza mwaka 1988, na msingi wake haujabadilika: pikipiki ya mbio lazima itokane na pikipiki inayouzwa dukani. Wewe na mimi tukiwa na pesa, tunaweza kuinunua. Hapo hapo ndipo shida ilipozaliwa, kwa sababu kampuni haziundi injini za aina moja. Miaka ya mwanzo zenye silinda nne ziliruhusiwa ujazo wa sisi (cc) 750, na zenye silinda mbili zikaruhusiwa sisi 1,000, kwa hoja kwamba silinda mbili haziwezi kuzunguka kasi kama nne. Ducati ikaitumia nafasi hiyo vizuri kuliko wote. Carl Fogarty peke yake aliipatia mataji manne. Honda, iliyokuwa na fahari kubwa ya silinda nne, ilichoka kulalamika. Ikaunda yenyewe pikipiki ya silinda mbili, na mwaka 2000 Colin Edwards akachukua ubingwa nayo. Mwaka 2003 wote wakapewa sisi 1,000. Mwaka 2008 Ducati ikaruhusiwa sisi 1,200 kwa silinda mbili, ila ikabanwa njia ya hewa na kuongezewa uzito. Kwa hiyo mjadala wa nani kapendelewa una umri sawa na mashindano yenyewe.

Mwaka 2018 ikaja njia mpya: kila kampuni ipewe kikomo chake cha mizunguko ya injini. Kikomo hicho kilipatikana kwa vipimo viwili vya pikipiki ya dukani. Kimoja ni mizunguko ya juu kabisa ambayo injini ya dukani inaruhusu, ukiongeza asilimia 3. Cha pili ni mizunguko ambayo injini ya dukani hutoa nguvu yake yote, ukiongeza 1,100. Kilicho kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kikomo. Baada ya hapo, kila duru tatu, wasimamizi wanaangalia hali ilivyo na wanaweza kupandisha au kushusha kwa hatua za 250.

Hiyo 1,100 tuishike vizuri. Ninja ZX-10RR ya Kawasaki ya mwaka 2018 ilipangiwa kikomo cha 14,100. Rea alikuwa ameshinda 2015, 2016 na 2017, na injini yake ilikuwa imezoea kuzunguka zaidi ya hapo, kwa hiyo Kawasaki iliumia na ikasema wazi imeumia. Kilichofuata ni kwamba Rea alishinda 2018 kwa pointi 545 dhidi ya 356 za Chaz Davies wa Ducati. Tofauti ya pointi 189! Kanuni mpya ilipokelewa na bingwa yule yule, tena akiwa mbali kuliko kawaida. Hilo peke yake lingetosha kuwatia watu shaka.

Kawasaki nayo haikukaa bure. Kwa mwaka 2019 ilipeleka dukani ZX-10RR iliyorekebishwa ndani, ikitoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 13,500. Jumlisha 1,100, unapata 14,600. Ndicho kikomo walichopewa. Mnunuzi wa kawaida aliyekwenda kununua pikipiki ile pengine hakujua kwamba konrodi za titani (vyuma vinavyoshika pistoni) ndani ya injini yake ziliwekwa kwa sababu ya ile hesabu ya kujumlisha.

Ducati ilisoma kanuni ile ile ikaenda mbali zaidi. Iliacha silinda mbili, ikaja na Panigale V4 R, silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, injini yenye nasaba ya wazi na ile ya MotoGP, mashindano ya pikipiki zisizouzwa dukani. Kanuni ilisema pikipiki ya dukani isizidi euro 40,000. Nchini Italia V4 R iliuzwa euro 39,900. Nguvu yake yote ilitoka kwenye mizunguko 15,250. Jumlisha 1,100: 16,350. Hakuna aliyeipendelea Ducati. Namba ile ilikuwa haki yake kwa hesabu iliyoandikwa kabla pikipiki haijazaliwa.

Sasa nataka tuingie ndani ya injini kidogo, maana hapa ndipo mabishano mengi huishia kwenye kelele. Mtu anasikia Ducati ina mizunguko 16,350 na Kawasaki ina 14,600, anasema: lakini hiyo ni tofauti ya 1,750, huo ni wizi wa mchana! Subiri kwanza. Injini zote mbili ni sisi 998. Ila silinda ya Ducati ina kipenyo cha milimita 81 na pistoni inasafiri milimita 48.4. Ya Kawasaki ina kipenyo cha milimita 76, pistoni inasafiri milimita 55. Moja ni pana na fupi, nyingine ni nyembamba na ndefu.

Katika mzunguko mmoja pistoni inapanda na kushuka. Ya Ducati inatembea milimita 96.8, ya Kawasaki 110. Zidisha kwa mizunguko ya kikomo. Pistoni ya Ducati inatembea karibu mita 1,583 kwa dakika, sawa na mita 26.4 kwa sekunde. Ya Kawasaki inatembea mita 1,606 kwa dakika, sawa na mita 26.8 kwa sekunde. Yaani ile iliyoonekana kubanwa ndiyo ambayo pistoni zake zinakimbia zaidi. Kiufundi injini zote mbili zilikuwa zinakamuliwa karibu sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye umbo, na umbo lilichaguliwa mezani na wahandisi, miaka kabla ya Aragón.

Lakini umbo lile lina faida, na faida yenyewe ni kubwa. Kila mizunguko miwili, injini ya sisi 998 inavuta sisi 998 za hewa. Anayezunguka zaidi anavuta hewa zaidi, anachoma petroli zaidi, anapata nguvu zaidi. Gawanya 16,350 kwa 14,600: Ducati ilikuwa na nafasi ya kuvuta hewa asilimia 12 zaidi kwenye kikomo. Ongeza na desturi ya Ducati ya kufunga valvu kwa mkono wa chuma badala ya kutegemea springi, ambayo inaifanya injini istahimili kasi hiyo bila valvu kuchelewa kurudi mahali pake. Hapo unaelewa kwa nini Bautista alikuwa anampita Rea kwenye nyoofu, sehemu ya uwanja isiyo na kona, kama vile Rea ana mzigo nyuma.

Kisha ukaja ule mkato wa 250. Gawanya tena: 16,100 kwa 14,600. Faida ya asilimia 12 imeshuka hadi asilimia 10.3. Basi. Kama nia ilikuwa kusawazisha mizunguko na Kawasaki, zingehitajika hatua 7 za 250, na msimu wa duru 13 una nafasi nne tu za mapitio. Wangehitaji karibu misimu miwili, wakikata kila nafasi bila kuruka hata moja. Na baada ya ule mkato wa Aprili hawakukata tena mwaka huo. Ducati ilimaliza msimu na 16,100.

Anayejua pikipiki kwa mikono ataelewa haraka zaidi kupitia sproketi. Fundi yeyote wa bodaboda anajua: ukiweka sproketi yenye meno mengi nyuma, chombo kinapanda mlima na abiria wawili na gunia, ila kwenye lami kinalia tu hakiendi. Ukipunguza meno, kinakimbia tambarare lakini mlima unakushinda. Sasa chukua sproketi ya nyuma yenye meno 40. Jino moja ni asilimia 2.5. Mkato wa mizunguko 250 kutoka 16,350 ni asilimia 1.5. Adhabu yote ile iliyojadiliwa dunia nzima ilikuwa ndogo kuliko jino moja la sproketi! Timu ingeweza kutoa jino moja, ikapata mwendo wake wa juu na zaidi, na kulipa kwa msukumo kidogo wakati wa kutoka kwenye kona. Sisemi ni kitu bure. Kwenye mbio za kiwango kile kila kitu kinauma, na mwendeshaji aliyezoea kuvuta gia ya 3 mpaka mwisho bila kubadilisha kabla ya kona anaweza kujikuta injini inagonga kikomo mapema. Lakini kati ya kitu kinachouma na kitu kinachopindua ubingwa kuna mbali.

Na uwanjani ilionekanaje? Assen, wiki ile ile ya mkato, theluji ilianguka mwezi wa Aprili. Kila duru ilikuwa na mbio tatu: za Jumamosi, fupi za Jumapili asubuhi, na za Jumapili mchana. Mbio za Jumamosi zikaahirishwa hadi Jumapili, zile fupi zikafutwa. Zikabaki mbili, na Bautista akashinda zote mbili akiwa na 16,100. Mbio 11, ushindi 11. Uongozi wake ukafika pointi 53.

Imola, Italia, mwezi Mei, ndipo Rea aliposhinda kwa mara ya kwanza msimu ule, mara mbili, kabla mvua haijafuta mbio za tatu. Watu wakasema: mnaona, mkato umeanza kufanya kazi. Lakini Imola ni uwanja wa kona za kufuatana, vilima na breki nzito, mahali ambapo Rea amekuwa mfalme kwa miaka, na nyoofu haina maamuzi makubwa. Kama mizunguko 250 ilikuwa ndiyo sababu, ingepaswa kuonekana zaidi kwenye viwanja vya mwendo kasi. Tukaenda Jerez mwezi Juni: Bautista akashinda Jumamosi, akashinda mbio fupi za Jumapili. Uongozi ukafika pointi 61, mkubwa kuliko wakati wowote wa msimu. Hii ni miezi miwili baada ya mkato. Pikipiki iliyokatwa mbawa ilikuwa inaruka juu zaidi kuliko ilivyokuwa kabla.

Kisha, mchana wa Jumapili ile ile ya Jerez, Bautista akaanguka. Michael van der Mark wa Yamaha akashinda, Rea akachukua pointi 20, na 61 zikawa 41.

Misano, siku ya mvua, Rea alishinda Jumamosi. Bautista alishinda zile fupi, halafu mchana akaanguka tena, akainuka, akamaliza wa 14. Uongozi: pointi 16. Donington, Uingereza, Rea alishinda zote tatu na Bautista akaanguka kwenye za kwanza. Sasa Rea anaongoza kwa pointi 24. Wiki moja baadaye Laguna Seca, Marekani, Bautista akaondoka bila hata pointi moja, bega likiwa limeumia. Rea mbele kwa pointi 81.

Hesabu: kutoka 61 mbele hadi 81 nyuma ni pointi 142, ndani ya mbio 10. Katika mbio hizo 10 alianguka tena na tena, karibu kila wikendi. Kikomo cha mizunguko kilikuwa kile kile, 16,100, katika ushindi wa Assen, katika ushindi wa Jerez, na katika maanguko yote. Kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi kuwa sababu ya kitu kilichobadilika ghafla. Hili ndilo ningependa mtu anayesimulia kisa cha mkato alijibu.

Kilichotokea kwa Bautista ndani ya kofia yake kati ya Juni na Julai mimi sina ruhusa ya kukisema, ni chake. Ninachoweza kusema ni kile kilichoonekana. Alikuwa mtu mwenye umri wa miaka 34, mgeni kwenye mashindano haya, anakutana na viwanja vingine kwa mara ya kwanza akiwa na pikipiki ya aina hii. Nyuma yake alikuwepo Rea, mtu ambaye kwa miezi mitatu alikubali kuwa wa pili. Ninamheshimu Rea kwa jambo hilo kuliko kwa mataji yake. Bingwa mara nne, anapigwa kwa sekunde zaidi ya 14 Phillip Island, Australia, kwenye mbio za kwanza kabisa za msimu, na hajaribu kulazimisha. Anachukua pointi 20 zake za nafasi ya pili, anachukua 9 zake kwenye mbio fupi, anachukua tena 20 zake. Pointi 49 kati ya 62 zinazowezekana, wikendi baada ya wikendi. Wakati mwenzake alipoanza kudondosha, yeye alikuwa karibu kiasi cha kuokota.

Rea alifunga hesabu Magny-Cours, Ufaransa, tarehe 29 Septemba. Ubingwa wa tano mfululizo. Mwisho wa msimu alikuwa na pointi 663, Bautista 498. Ushindi wa Rea ulikuwa 17. Wa Bautista 16! Tazama vizuri: mtu aliyeshindwa kwa pointi 165 alishinda mbio pungufu moja tu kuliko bingwa. Pengo la namna hiyo halitengenezwi na injini dhaifu. Injini dhaifu inakupa nafasi ya tatu na ya nne. Haikupi ushindi 16 na sifuri nyingi.

Kuna ushahidi mwingine ambao haukupewa uzito unaostahili, nao ulikuwa ndani ya gereji ile ile. Chaz Davies aliendesha V4 R hiyo hiyo, timu hiyo hiyo, kikomo hicho hicho cha 16,350. Phillip Island hakupanda jukwaani. Buriram, Thailand, hakupanda jukwaani. Msimu mzima alishinda mara moja, Laguna Seca, akamaliza wa 6. Davies si mtu wa kubeza. Alikuwa makamu wa bingwa mwaka uliotangulia na pikipiki ya silinda mbili. Ni mrefu, mwili mkubwa. Bautista ni mdogo na mwepesi. Mweke mtu mwepesi juu ya injini inayovuta hewa asilimia 12 zaidi, akitoka kwenye kona kila kilo aliyopungukiwa inageuka kuwa msukumo. Kanuni ya mizunguko haikuwa na jicho la kuona hilo. Iliona herufi za Ducati juu ya orodha, ikaikata Ducati, na Davies, ambaye hakuwa na kosa lolote, akakatwa naye.

Na Honda iliyoongezewa 500? Msimu mzima haikupanda jukwaani hata mara moja. Mkato wa 250 haukumzuia aliye juu, nyongeza mara mbili yake haikumwinua aliye chini. Kwangu mimi, mambo hayo mawili ukiyaweka pamoja, kesi ya mizunguko imekwisha.

Honda yenyewe ilielewa, kwa sababu ilifanya kile ilichofanya mwaka 2000: ikaacha kunung'unika, ikaunda. CBR1000RR-R ya mwaka 2020 ilikuja na silinda za milimita 81 kwa 48.5, karibu sawasawa kabisa na Ducati, nguvu yake yote ikitoka kwenye mizunguko 14,500. Jumlisha 1,100, kikomo 15,600. Tena ikamchukua Bautista mwenyewe. Injini ya umbo lile lile, mtu mwepesi yule yule. Miaka miwili wakapata nafasi za jukwaani chache, ushindi hakuna. Hili nalo linapunguza kiburi cha nadharia yangu ya uzito, na lazima nilikubali. Mwili mwepesi peke yake haukutosha. Umbo la injini peke yake halikutosha. Kuna fremu, kuna namna tairi la nyuma linavyoshika lami mtu anapofungua moto, kuna elektroniki, kuna miaka ya kumjua farasi wako.

Bautista alirudi Ducati mwaka 2022 akawa bingwa. Mwaka 2023 akawa bingwa tena, kwa ushindi 27 katika mbio 36. Wasimamizi wakafungua sanduku lile lile la vifaa: Ducati ikakatwa 250, ikakatwa 250 nyingine, ikafika 15,600. Yeye akaendelea kushinda. Hapo ndipo hatimaye watu wakakubali kwamba wanakata tawi lisilohusika.

Kuanzia 2024 ikaja kanuni ya uzito. Kiliwekwa kiwango cha kilo 80 za mwendeshaji pamoja na mavazi yake, na aliyekuwa chini yake alibebeshwa nusu ya upungufu kwenye pikipiki. Mwenye kilo 70 aliongezewa kilo 5. Nilisikia wengi wakiiita kanuni ya kumkomoa Bautista. Siwezi kukataa kwamba yeye ndiye aliyelengwa. Jina lake halikuhitaji kuandikwa. Lakini angalau ilikuwa kanuni iliyogusa kitu halisi, ilipimwa kwa mizani, na haikujali uko timu gani. Mwenzake mzito wa timu hakukatwa kwa sababu ya ushindi wa mwingine. Na kwa kuwa ilikuwa nusu tu ya upungufu, mtu mwepesi hakupokonywa kila alichojaliwa na Mungu. Mimi naiona ya haki kuliko mkato wa 2019, ingawa najua wapo watakaokasirika.

Mwaka 2025 mizunguko ikaondolewa kama kifaa cha kusawazisha, likaja jambo la mtiririko wa mafuta: kipimo kinahesabu petroli inayoingia kwenye injini, na kila mtu alianza na kilo 47 kwa saa. Ukikumbuka hesabu yetu ya hewa, utaona kwa nini hili linagusa mzizi. Injini pana na fupi inaweza kuzunguka ipendavyo, ikavuta hewa ipendavyo, lakini bila petroli ya kuchoma na hewa hiyo, mizunguko ni kelele tu. Ile faida ya umbo, iliyonunuliwa kwa pikipiki ya euro 39,900, sasa inapimwa mahali inapogeuka kuwa nguvu. Wasimamizi bado wanaweza kupunguza au kuongeza kiwango cha kampuni moja moja kwa matokeo, na hapo mimi bado nina wasiwasi wangu wa zamani, kwa sababu matokeo ni ya mtu na mashine kwa pamoja, na hakuna kipimo kinachowatenganisha.

Lakini nikirudi kwenye ile Aprili, ninachokiona ni ratiba. Jumapili tarehe 7 Bautista anashinda Aragón. Ijumaa tarehe 12 mazoezi yanaanza Assen, na kati ya hapo mafundi wa Ducati wanafungua kompyuta, wanafuta 16,350, wanaandika 16,100, wanafunga. Jumapili tarehe 14, kwenye baridi ile, pikipiki hiyo inashinda mara mbili.